Ua lidhaniwalo uyoga: Siri iliyo chini ya migunga

Katika nyika kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, ambamo mji wa mpakani wa Diff umo, viumbe viwili huchomoza ardhini ghafla, hasa baada ya mvua. Vyote havina majani wala rangi ya kijani. Hata hivyo, kimoja ni ua na cha pili ni uyoga.

Cha kwanza ni Hydnora abyssinica. Mmea huu huishi ardhini ukinyonya maji na chakula kutoka mizizi ya miti, hasa migunga. Kinachoonekana juu ni ua lake pekee, nene na lenye harufu ya mzoga. Harufu hiyo huwavuta mbawakawa, ambao hunaswa ndani kwa muda na kisha hutoka wakiwa wamebeba chavua. Tunda lake, lililojaa mbegu ndogo mno, huliwa na watu na wanyama.

Kosa la kuuita uyoga lina historia. Msomi wa Uswidi, Carl Peter Thunberg, alipoeleza mmea wa jamii hiyo kutoka kusini mwa Afrika mwaka 1775, aliuhesabu kuwa kuvu. Leo wataalamu wanauweka katika kundi moja na pilipili manga.

Cha pili ni Podaxis pistillaris, uyoga mrefu. Huu haunyonyi mti ulio hai, bali hupata chakula kwa kuozesha mabaki ya mimea. Hauna ua, chavua wala mbegu. Ukikomaa, kofia yake hupasuka na kumwaga unga mweusi wa spora ambao hupeperushwa na upepo. Kwa nasaba, kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mgunga ukikatwa kwa ajili ya makaa na mizizi yake ikafa, Hydnora nayo hufa, hata kama hakuna aliyeigusa. Uyoga hautegemei mti huo mmoja. Mabaki ya mimea yanautosha.

Kuna onyo pia kwa wanaookota chakula porini: sura si ushahidi. Uyoga usiotambuliwa na mjuzi usiliwe, kwani baadhi yake huua.