Ununuzi wa lori lililotumika (Marekani)

Ununuzi wa lori lililotumika ni njia ambayo madereva wengi nchini Marekani huifuata ili kuanza biashara yao wenyewe ya usafirishaji. Dereva anayemiliki lori analoliendesha huitwa dereva-mmiliki. Dereva wa kuajiriwa hulipwa mshahara au kiasi fulani cha fedha kwa kila maili. Dereva-mmiliki hupokea malipo ya mzigo wenyewe, lakini hulipa kutoka mfukoni mwake mafuta, bima, matairi, matengenezo na kodi.

Lori linalozungumziwa hapa ni kichwa cha kuvuta trela. Kichwa pamoja na trela lake kwa kawaida huwa na ekseli 5 na matairi 18. Katika barabara kuu za Marekani uzito wake wote pamoja na mzigo hauruhusiwi kuzidi pauni 80,000, yaani takriban kilogramu 36,300, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kichwa kipya chenye chumba cha kulala mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 150,000. Kilichotumika miaka 10 au zaidi hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kwa sababu hiyo huvutia wanaoanza, lakini ubovu mmoja mkubwa wa injini unaweza kumaliza akiba yote ya mnunuzi kabla biashara haijasimama.

## Historia

Kuanzia mwaka 1935 usafirishaji wa mizigo kwa malori kati ya majimbo uliwekwa chini ya tume ya serikali kuu iliyoamua ni kampuni gani zinaruhusiwa kubeba mizigo, kwa njia zipi na kwa nauli gani. Dereva mwenye lori moja hakupata kibali kwa urahisi. Wengi walibeba mazao ya kilimo, ambayo hayakuhusika na udhibiti huo, au walikodisha lori lao pamoja na kazi yao kwa kampuni iliyokuwa na kibali.

Mwaka 1973 bei ya dizeli ilipanda kutokana na upungufu wa mafuta. Mwezi Desemba madereva-mmiliki walifunga barabara kuu katika majimbo kadhaa kwa kusimamisha malori yao. Mwaka huohuo kilianzishwa chama chao, OOIDA, ambacho makao yake makuu yako Grain Valley, Missouri.

Tarehe 1 Julai 1980 rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyolegeza udhibiti wa usafirishaji kwa malori. Baada ya hapo kupata kibali kukawa rahisi, na nauli zikaanza kuamuliwa na soko. Tangu wakati huo biashara hii hupanda na kushuka. Nauli zikipanda, madereva wengi huacha ajira na kununua malori, na bei za malori yaliyotumika hupanda pia. Nauli zikishuka, wenye madeni makubwa hushindwa kulipa. Ilitokea hivyo kuanzia mwaka 2022: waliokuwa wamenunua malori kwa bei ya juu sana wakati wa janga la UVIKO-19 walibaki na marejesho makubwa huku nauli zikiporomoka.

## Masharti ya kuanza

Dereva anahitaji leseni ya daraja A ya magari ya biashara. Tangu tarehe 7 Februari 2022 anayeomba leseni hiyo kwa mara ya kwanza lazima amalize mafunzo katika chuo kilichosajiliwa na serikali kuu. Sheria inamtaka pia aweze kusoma na kuzungumza Kiingereza kiasi cha kuelewa alama za barabarani na kujibu maswali ya maafisa. Tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa jaribio hilo barabarani anaweza kuzuiwa kuendelea na safari. Jambo hili linawagusa wahamiaji, wakiwemo watu kutoka Somalia, Kenya na Ethiopia, ambao wengi wao wameingia katika kazi ya malori.

Baada ya kupata lori, mmiliki ana njia mbili za kufanya kazi:

* Kibali chake mwenyewe. Husajiliwa na FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori, na kulipa ada ya dola 300 kwa kibali cha kubeba mizigo ya wengine. Kwa mizigo ya kawaida bima ya madhara kwa watu wengine haipaswi kuwa chini ya dola 750,000, na madalali wengi wa mizigo hudai dola 1,000,000. Kampuni changa isiyo na rekodi hutozwa bima ya juu zaidi katika mwaka wake wa kwanza.
* Kufanya kazi chini ya kampuni. Lori hufanya kazi kwa kibali na bima kuu ya kampuni, nayo kampuni hukata sehemu ya mapato. Sheria ya serikali kuu inataka mkataba huo uandikwe na uonyeshe wazi malipo na makato yote.

Kuna pia mikataba ya kukodi kwa lengo la kununua, ambapo kampuni inayompa dereva lori ndiyo pia inayompa mizigo. Dereva hulipa kila wiki, na akishindwa hupoteza lori na yote aliyokwisha kulipa. Mwaka 2025 jopo kazi lililoundwa kwa agizo la Bunge kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku.

## Umri wa lori na sheria za moshi

Kwa malori ya Marekani, mwaka wa kutengenezwa kwa injini huwa na uzito kuliko sura ya lori, kwa kuwa sheria za moshi zilibadilisha injini hatua kwa hatua:

* Injini za kabla ya mwisho wa mwaka 2002 hazina vifaa vingi vya kusafisha moshi. Mafundi wengi wanazifahamu. Mifano ni Detroit Diesel Series 60, iliyoanza kuuzwa mwaka 1987, Cummins N14 na Caterpillar 3406E.
* Injini zilizofuata zilianza kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza gesi za nitrojeni. Vipoozea vya moshi huo vinaweza kupasuka na kuvujisha maji ya rejeta.
* Kuanzia injini za mwaka 2007 kuliongezwa kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kichujio hicho huhitaji kuchomwa na kusafishwa mara kwa mara, na kikiziba lori hupungua nguvu.
* Kuanzia mwaka 2010 injini karibu zote hunyunyizia kimiminika cha urea kwenye ekzosi. Ulaji wa mafuta ulipungua, lakini vihisio na pampu za urea zikawa chanzo kipya cha kuharibika njiani. Caterpillar haikuendelea na injini za malori ya barabarani baada ya hatua hii.

Kung'oa vifaa hivyo kunakatazwa na Sheria ya Hewa Safi. Mtu anayenunua lori ambalo vifaa vyake vimeondolewa hununua pia gharama ya kuvirudisha.

Umri huamua pia mahali lori linapoweza kufanya kazi. Katika jimbo la California, tangu tarehe 1 Januari 2023, karibu malori yote mazito ya dizeli yanatakiwa kuwa na injini ya mwaka 2010 au ya baadaye. Kwa hiyo lori la mwaka 2005, hata likiwa zima kabisa, haliwezi kutegemewa kwa kazi za bandari za Los Angeles na Long Beach.

Kwa upande mwingine, lori lenye injini iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2000 halilazimiki kufungwa kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa za kazi, kilichoanza kutakiwa tarehe 18 Desemba 2017. Dereva wake huandika saa hizo kwenye karatasi. Saa zenyewe hazibadiliki: asizidi saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10 mfululizo.

## Ukaguzi kabla ya kununua

Kwa magari mazito, sheria ya serikali kuu haimlazimishi muuzaji kuthibitisha kwa maandishi idadi ya maili kama ilivyo kwa magari madogo. Mnunuzi hawezi kutegemea kipima-maili peke yake. Fundi husoma kompyuta ya injini, ambayo huhifadhi saa za injini, saa za kusimama ikiunguruma na makosa yaliyorekodiwa. Hata hivyo kompyuta hiyo inaweza kuwa imebadilishwa, kwa hiyo takwimu zake hulinganishwa na stakabadhi za matengenezo.

Mambo makuu yanayochunguzwa ni haya:

* Injini. Huwashwa ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji anaweza kuipasha moto mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka. Moshi mwingi unaosukumwa kupitia mdomo wa kujazia oili huashiria ringi au silinda zilizochakaa. Sampuli ya oili hupelekwa maabara, ambako vipande vidogo vya chuma na mabaki ya maji ya rejeta huonekana.
* Chesisi. Kutu kati ya vyuma viwili vilivyobanana huvimba na kuvipinda. Hutokea zaidi kwa malori ya majimbo ya kaskazini, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji.
* Giaboksi, klachi na difu. Gia zote hujaribiwa, ikiwezekana lori likiwa na mzigo.
* Breki na matairi. Kina cha kashata za matairi ya mbele hakipaswi kupungua milimita 3.2, na mengine milimita 1.6. Matairi yakiisha yote kwa pamoja, kichwa huhitaji matairi 10 mapya.
* Hati. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 hulinganishwa na hati ya umiliki, na huangaliwa kama kuna benki inayodai lori hilo.

Ukaguzi wa fundi asiyehusiana na muuzaji hugharimu fedha, lakini ni kiasi kidogo kulinganisha na kujenga injini upya, kazi ambayo mara nyingi huzidi dola 20,000.

## Gharama

Bei ya kununulia ni mwanzo tu. Kwa mfano, lori linalosafiri maili 100,000 kwa mwaka (kilomita 160,000) na kwenda maili 5.5 kwa galoni hutumia galoni 18,182 za dizeli. Lori jipya zaidi linalokwenda maili 7.5 kwa galoni hutumia galoni 13,333. Dizeli ikiwa dola 4 kwa galoni, lori la zamani hugharimu takriban dola 19,400 zaidi kila mwaka. Kwa hiyo lori kuukuu humfaa zaidi anayesafiri maili chache, au ambaye marejesho ya mkopo wa lori jipya yangezidi tofauti hiyo.

Gharama nyingine ni bima, usajili wa majimbo mengi, kodi ya mafuta inayotolewa hesabu kila robo mwaka, na kodi ya magari mazito, ambayo ni dola 550 kwa mwaka kwa uzito unaozidi pauni 75,000. Madalali wengi hulipa baada ya siku 30 au zaidi. Asiyeweza kusubiri huuza ankara zake kwa kampuni ya fedha na kukatwa asilimia fulani.

Kutokana na hayo, akiba huwa na uzito kuliko ubora wa lori. Mtu mwenye dola 40,000 akinunua lori la dola 38,000 hubaki na dola 2,000, na pampu au turbo moja ikiharibika hukwama. Akinunua la dola 25,000 lililokaguliwa vizuri, hubaki na dola 15,000 za kukabiliana na ubovu wa kwanza. Akitenga senti 15 kwa kila maili, kwa maili 100,000 atakuwa ameweka dola 15,000 nyingine.

## Faida na hasara

Lori kuukuu lina bei ndogo, halishuki thamani haraka kama jipya, na linaweza kulipiwa bila mkopo. Mmiliki asiye na deni anaweza kulisimamisha nauli zinapokuwa mbaya bila kunyang'anywa. Mwenye ujuzi wa ufundi hupunguza zaidi gharama.

Hasara yake ni kuharibika bila kutazamiwa. Siku lori likiwa gereji hakuna mapato, ilhali bima inaendelea kulipwa, na mteja aliyecheleweshewa mzigo anaweza asirudi. Baadhi ya kampuni pia hazipokei malori yaliyopita umri fulani, hivyo anayetaka kufanya kazi chini ya kampuni huuliza masharti hayo kabla ya kununua.