Watu wengi hawaokoe programu iliyochelewa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mulio nyumbani, siku hizi maofisi yanapenda kutia mambo yetu ndani ya ordinateri: karte ya mchimbaji, kilo za mizani, etikete za magunia. Ni vizuri. Lakini mbele ya kupiga makofi, tuangalie kwanza Kenya.

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walichagua rais. Masini za kutambua vidole vya wapigakura zilinunuliwa kwa kuchelewa, nyuma ya mabishano marefu juu ya nani aziuze. Mashule mengi ya kupigia kura hayakuwa na umeme, betri zikaisha siku ingali ndefu. Makarani wengine hawakujua namba ya siri ya kufungulia. Wakarudia kitabu cha karatasi. Matokeo yalipaswa kufika Nairobi kwa njia ya simu, nayo njia ikaziba. Kisha wakagundua kwamba programu ilikuwa inazidisha kura zilizoharibika mara nane! Mwishowe maofisa wakabeba fomu wenyewe mpaka Nairobi, na mshindi akatangazwa tarehe 9.

Wengine walisema ni wizi tu. Mimi naona pia ubaya mwingine: kila kipande kilitoka kwa mtu wake, na vyote pamoja havikujaribiwa vya kutosha pale pa kazi, kwenye vumbi na giza.

Na wakubwa wakiona wanachelewa, wanaongeza watu. Mwamerika Fred Brooks aliongoza kazi ya programu ya OS/360 pale IBM katika miaka ya 1960. Katika kitabu cha 1975 aliandika kwamba kuongeza watu kwenye programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Sisi tunajua. Tia watu kumi wapya ndani ya shimo lenye mlango mmoja: wanasukumana, na mzee anayejua mwamba anaacha nyundo ili awafundishe.

Kwa hiyo tukiletewa daftari la ordinateri, tuombe lianze na shimo moja tu, tuseme kule Misisi, miezi kadhaa, kitabu cha karatasi kikiwa pembeni. Kwa sababu mtu asiyeonekana ndani ya masini hatauza, na watoto wake watalala njaa. Tena tuulize mapema: jina likiandikwa vibaya, nani atalisahihisha, na ofisi yake itakuwa hapa Uvira ao Kinshasa?