Mwuguzi Mpya na Kazi ya Pili

Kila mwaka vijana wetu humaliza masomo ya uuguzi pale Mbweni, katika chuo cha afya ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kisha huingia wodini. Nyumbani huwa furaha kubwa. Walakini kabla ya mshahara wa pili kupokewa, swali hubisha hodi: Je, yafaa mwuguzi mpya ashike na kazi ya pili, ya usiku, katika zahanati ya mtu binafsi? Wazazi wametuuliza, na walimu pia, basi twajibu.

Kwanza, hatuwalaumu waulizao. Kodi ya chumba mjini si ndogo, nauli kutoka shamba hadi Darajani ni ya kila siku, na mshahara wa kwanza huwa umekwisha kugawanywa kabla haujafika: huyu ataka ada ya shule, yule ataka mabati ya paa. Tena mtoto aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo hawezi kuwapa watu wake kisogo.

Lakini na tuhesabu saa, maana fedha huhesabiwa, na saa husahauliwa. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akafanya kazi mchana, kisha akaingia zahanati jioni, ikifika saa nne ya usiku ametimiza saa 17 pasipo usingizi. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi wa jicho na mkono sawasawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake. Na huko Marekani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2004, wauguzi 393 waliandika saa zao na makosa yao. Ikaonekana ya kuwa zamu ikifika saa 12 na nusu au kuzidi, hatari ya kukosea huwa mara tatu.

Ni nani kwetu angekubali mlevi ampimie mwanawe dawa? Na mchovu hanuki pombe, wala hayumbi. Mgonjwa hana njia ya kumtambua.

Tena mgeni wa kazi si kama mzoefu. Yampasa asome kila kibandiko, apige hesabu ya kila kipimo, na kumwuliza mkubwa wake. Katika hospitali kubwa kama Mnazi Mmoja, wako wakubwa wa kuulizwa. Katika zahanati ndogo, usiku, huenda yu peke yake.

Tulimjua kijana mmoja. Jina lake na mahali pake hatutaji. Aliandika katika kitabu ya kuwa amempiga mtoto sindano, naye hakumpiga. Mama wa mtoto ndiye aliyesema, na mtoto akapona. Kijana yule alitujia akilia, akatuambia, “Sikuwa mvivu. Nilikuwa nimesimama pale, nami sipo.” Baba yake, aliyekuwa akijisifia mishahara miwili ya mwanawe, ndiye aliyemwambia aiache ile kazi ya pili.

Basi shauri letu ni hili. Mwaka wa kwanza, mwuguzi asishike kazi ya pili ya kuuguza. Baadaye, haja ikizidi, aombe ruhusa kwa mkubwa wake waziwazi, wala asifiche; tena afanye siku yake ya mapumziko tu, si usiku unaofuata zamu wala unaoitangulia.

Na sisi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Mara nyingi mwuguzi haendi zahanati kwa kupenda mali. Sisi ndio tuliompeleka kwa maombi yetu. Na tukae pamoja naye, tupange lililo la lazima na lililoweza kungoja. Ada ya shule haingoji. Mabati yaweza kungoja mwaka. Nanyi walimu, wafundisheni wanafunzi kuugawanya mshahara kabla hawajaupata.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Kwa mwuguzi, hiyo moja yaweza kuwa roho ya mtu. Basi mwana wenu arudipo, msimwulize kwanza amepata kiasi gani. Mwulizeni amelala saa ngapi.