Ubishi wa Numancia ulianzia mlimani

UKIMTAJIA shabiki wa Barcelona jina la Numancia, kuna tarehe moja tu inayomjia kichwani: Agosti 31, 2008. Siku hiyo Pep Guardiola alikuwa anaiongoza Barca kwa mara ya kwanza kwenye La Liga, na mbele alikuwa na Lionel Messi, Samuel Eto'o na Thierry Henry. Mario Martínez akatupia bao mapema kipindi cha kwanza, wenyeji wakapaki basi, ngoma ikaisha 1-0.

Barca hiyohiyo ilimaliza msimu na makombe matatu, likiwamo la Ligi ya Mabingwa Ulaya. Numancia wao wakashuka daraja.

Wengi wanalikumbuka bao lile, lakini wachache wanajua lilifungiwa wapi. Soria ni mji wa watu kama 40,000 tu, kaskazini mwa Hispania, na uwanja wa Los Pajaritos uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini magharibi, barabara inazama kwenye msitu wa misonobari ambao unaweza kudhani hauna mwisho. Nyuma ya msitu huo ndiko iliko milima ya Urbión.

Mita 1,000 si urefu wa kumkata mchezaji pumzi kama La Paz kule Bolivia. Silaha ya Soria ni baridi. Timu zilizozoea jua la Andalusia au joto la pwani zikifika huko Januari, miguu inakuwa mizito kabla hata ya kupasha misuli.

MSITU WENYE WANACHAMA

Misonobari ya Soria na jirani zao wa Burgos ni moja ya misitu mikubwa iliyoungana kuliko yote Hispania. Cha kuvutia zaidi ni namna unavyomilikiwa.

Katika vijiji kama Covaleda na Duruelo de la Sierra kuna utaratibu wa kale unaoitwa 'suerte de pinos', yaani fungu la misonobari. Miti ikivunwa na kuuzwa, wanakijiji wenye haki hiyo wanapata mgawo wao. Haki hiyo inafuata ukoo na makazi, na imerithishwa tangu zama za wafalme.

Shabiki wa Simba au Yanga mwenye kadi ya uanachama atalielewa hili haraka. Mwanakijiji wa Covaleda anauona msitu kama mwanachama anavyoiona klabu: ni mali yake, ana sauti ndani yake, na mtu akiuchezea lazima kiwake. Ndiyo maana msitu umedumu. Mwenye fungu lake hachomi moto ovyo, wala hakati mti ambao mwanaye atakuja kuutegemea.

ZIWA LISILO NA MWISHO?

Ndani ya milima hiyo kuna maziwa madogo yaliyochongwa na barafu. Enzi za baridi kali, maelfu ya miaka iliyopita, barafu nzito ilikuwa ikiteremka taratibu kutoka vileleni na kuchimba mashimo kwenye miamba. Ilipoyeyuka, maji yakabaki humo.

Maarufu kuliko yote ni Laguna Negra, yaani Ziwa Jeusi, lililo karibu na kijiji cha Vinuesa. Lipo kwenye mita kama 1,750, karibu sawa na jiji la Nairobi. Kuta za miamba zimelizunguka, misonobari imesogea hadi ukingoni, na kivuli chake kinayafanya maji yaonekane meusi kweli.

Wazee wa huko walikuwa wakisimulia kuwa ziwa hilo halina mwisho na kwamba chini kwa chini limeungana na bahari. Mshairi Antonio Machado, aliyefundisha Kifaransa mjini Soria kuanzia 1907 hadi 1912, aliliingiza kwenye shairi lake la watoto waliomuua baba yao kwa tamaa ya ardhi na kuuzamisha mwili humo. Ukweli ni kwamba kina chake ni mita chache tu, na majira ya joto waogeleaji hushindana kulivuka.

KUPANDA SI LELEMAMA

Kutoka ziwani, njia ya miguu inapanda kwenye ufa wa miamba hadi juu ya ukuta. Hapo miti inaanza kupungua, unabaki na nyasi, mawe na upepo. Unapita karibu na maziwa mengine madogo kabla ya kukifikia kilele cha Urbión, mita 2,228.

Kwa mtu aliyezoea kusikia mita 5,895 za Kilimanjaro, hiyo ni namba ndogo. Asidanganyike. Wakati wa baridi theluji inafunika njia na barafu inafanya mawe yateleze kama sabuni. Majira ya joto asubuhi inaweza kuwa nyeupe kabisa, halafu mchana radi zikaanza kupiga, na kileleni hakuna mti wala paa la kujificha.

Wanaoijua milima hiyo wanaondoka mapema, wanabeba maji na koti hata kama jua linawaka, na wakiona mawingu yanajikusanya wanageuza. Kilele hakiondoki, kitakuwepo hata wiki ijayo.

Waendesha baiskeli nao wanaijua adha yake. Oktoba 2020, Vuelta a España ilimalizia hatua ya tatu Laguna Negra, na Dan Martin wa Ireland akawaacha Primož Roglič na Richard Carapaz kwenye mpando wa mwisho. Mwaka 2023 mbio hizo zikarudi palepale, safari hii akashinda Mhispania Jesús Herrada.

WALIOWALIZA WAKENYA

Mkoa huu mdogo umetoa pia wanariadha wawili wa dunia. Mwaka 1992 kwenye Olimpiki ya Barcelona, fainali ya mita 1,500 ilikwenda polepole huku Mkenya Joseph Chesire akiwa mbele. Mzunguko wa mwisho, Fermín Cacho, kijana wa Ágreda mkoani Soria, akapenya upande wa ndani, akafyatuka na kuondoka na dhahabu. Chesire akamaliza wa nne.

Mwenzake ni Abel Antón, mzaliwa wa kijiji cha Ojuel, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1997 mjini Athens na kuutetea 1999 jijini Sevilla. Wote wawili walinolewa Soria na kocha mmoja, Enrique Pascual, kwenye hewa hiyohiyo ya milimani.

JINA LA VITA

Numancia ilikuwa mji wa kale nje kidogo ya Soria ya leo. Warumi walishindwa kuuteka kwa miaka mingi, mpaka jenerali Scipio alipouzungushia ngome na kuwaua wakazi kwa njaa. Mji ulianguka mwaka 133 kabla ya Kristo, na wengi wa waliobaki walichagua kufa kuliko kuwa watumwa.

Hadi leo, timu ikibanwa dakika 90 langoni mwake na isifungwe, magazeti ya Hispania yanasema imecheza 'defensa numantina'.

Klabu imelitendea haki jina hilo. Msimu wa 1995/96, ikiwa daraja la tatu, ilizitoa Real Sociedad, Racing Santander na Sporting Gijón kwenye Kombe la Mfalme. Robo fainali ikatoka sare 2-2 na Barcelona ya Johan Cruyff pale Los Pajaritos. Marudiano Camp Nou ikatangulia kufunga, kabla ya kulala 3-1. Miaka mitatu baadaye, 1999, ilipanda La Liga kwa mara ya kwanza.

WATU WANAPUNGUA

Leo mambo ni magumu. Numancia ilishuka kutoka daraja la pili mwaka 2020, na tangu hapo inahangaika chini.

Tatizo si kocha wala straika peke yake. Mkoa mzima wa Soria una watu chini ya 100,000 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Vijana wanakwenda Madrid, Zaragoza na Barcelona kutafuta kazi. Klabu inakosa mashabiki wa kujaza viti, na vijiji vya msituni vinakosa watoto wa kurithi mafungu ya misonobari.

Ndiyo maana wanaopanda Urbión wana kazi kubwa kuliko wanavyodhani. Anayelala Vinuesa usiku mmoja, akala chakula cha pale na kuacha pesa yake dukani, anasaidia kuwabakiza watu wachache ambao Jumapili watakwenda uwanjani.

Karibu na kilele hicho, kwenye mita zaidi ya 2,100, kuna chemchemi ndogo ambayo mtoto anaweza kuiruka. Hapo ndipo unapoanzia mto Duero. Unateremka kwa Numancia, unapita jirani na Valladolid, unaikata Zamora, unaingia Ureno na kumwaga maji baharini jijini Porto baada ya kilomita karibu 900. Porto wana makombe mawili ya mabingwa Ulaya, la 1987 na la 2004. Numancia hawana hata moja, ila mto wanaopigia picha mashabiki wa Porto unaanzia kwao.