Kuchagua Bima ya Afya: Maelezo kwa Watumishi wa Manispaa

Maelezo haya yanawahusu watumishi wa mabaraza ya manispaa ya Mkoa wa Mjini Magharibi, yaani Mjini, Magharibi A na Magharibi B, pamoja na wenzao wa mabaraza ya Pemba. Wananchi wengine wenye nia ya kujiwekea bima wanaweza pia kufaidika nayo.

Itakumbukwa kuwa matibabu katika hospitali na vituo vya Serikali Visiwani yalitangazwa kuwa bila ya malipo. Kwa sababu hiyo wazee wengi walimaliza utumishi wao bila ya kulijua neno bima isipokuwa ile ya gari. Hali hiyo imebadilika. Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, Nambari 1 ya mwaka 2023, iliuanzisha Mfuko huo, na watumishi wa umma walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuingizwa. Mtumishi wa manispaa, basi, hachagui kuingia au kutoingia. Linalobaki mikononi mwake ni kumuandikisha nani, kutibiwa wapi, na kama ipo haja ya kuongeza bima nyengine ya kampuni kwa ajili ya yale au wale wasioguswa na Mfuko. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwani huangalia kiasi cha mchango tu, na chenye mchango mdogo hukiita rahisi.

Rahisi kwa nani? Tuchukue mfano wa mipango miwili. Mpango wa kwanza unataka shilingi 240,000 kwa mwaka, lakini mwanachama hulipa mwenyewe asilimia 20 ya kila tiba, na ukomo wa fao la kulazwa ni shilingi 2,000,000. Mpango wa pili unataka shilingi 420,000, hautaki mwanachama achangie chochote anapotibiwa, na ukomo wake wa kulazwa ni shilingi 10,000,000. Kijana asiye na mke wala mtoto, ambaye matibabu yake ya mwaka mzima hayapindukii shilingi 200,000, atatoa shilingi 40,000 juu ya mchango katika mpango wa kwanza, jumla 280,000. Kwake yeye mpango huo ni nafuu kweli.

Mfagiaji wa barabara mwenye mtoto wa pumu na mama mzee mwenye presha yumo katika hesabu nyengine. Ikiwa dawa na vipimo vya nyumba yake vinafikia shilingi 1,500,000 kwa mwaka, asilimia 20 yake ni shilingi 300,000. Ukijumlisha na mchango, mpango "rahisi" umemgharimu shilingi 540,000, yaani 120,000 zaidi ya ule ulioonekana ghali. Na ikitokea mmoja wao akafanyiwa upasuaji wa shilingi 3,500,000, shilingi 1,500,000 zilizovuka ukomo zitatoka mfukoni mwake, hata kabla ya kuhesabu ile asilimia 20. Kwa mtu wa mshahara wa chini, hiyo ni hasara ya kuuza kiwanja.

Kwa hiyo hatua ya mwanzo si kwenda kwa wakala. Mtumishi akae na watu wa nyumbani kwake, waandike walichotumia kwa matibabu katika miezi 12 iliyopita: dawa za kila mwezi, miwani, meno, uzazi, nauli. Karatasi moja ya daftari la skuli inatosha. Mpango wowote utakaoletwa mbele yake upimwe kwa karatasi hiyo.

Jambo la pili, na kwa watu wa visiwa huenda ndilo kubwa kuliko yote, ni mahali. Kadi ya bima haina thamani mbele ya hospitali isiyoipokea. Mtumishi wa mjini ambaye wazee wake wako Wete au Mkoani, kwa mfano, akinunua mpango ambao hospitali zake zote ziko Unguja, atakuwa amewanunulia wazee hao tiketi ya boti na si matibabu. Aidha, mgonjwa wa Visiwani anayehitaji upasuaji mkubwa wa moyo au mionzi ya saratani mara nyingi hupewa rufaa ya kuvuka kwenda Dar es Salaam, katika taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete au ya Saratani ya Ocean Road. Matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa. Suala la kuulizwa kabla ya kutia saini ni hili: je, mpango unalipia tiba ya rufaa ng'ambo ya pili, na ukilipia, vipi nauli ya mgonjwa, nauli ya anayemuuguza, na malazi ya wote wawili? Jibu lipatikane kwa maandishi. Maneno ya mdomoni hayatasaidia kitu mgonjwa atakapokuwa amelala kwenye machela bandarini.

Orodha ya hospitali nayo hubadilika. Mwezi Machi 2024, kufuatia bei mpya za huduma zilizowekwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, baadhi ya hospitali binafsi za Tanzania Bara zilisita kuwapokea wanachama wa Mfuko huo. Ni vyema kwa hiyo kuchagua mpango wenye angalau hospitali mbili zinazofikika kutoka nyumbani, na moja kati yao iwe ya Serikali.

Mfuko huo wa Taifa unawagusa pia baadhi ya watumishi wa manispaa kupitia wenza wao wanaofanya kazi katika taasisi za Muungano. Sheria yake ni ya mwaka 1999 na kazi zake zilianza mwaka 2001. Kwa watumishi wa Serikali mchango wake umekuwa asilimia 3 ya mshahara kutoka kwa mtumishi na asilimia 3 kutoka kwa mwajiri, na kadi humhusu mwanachama, mwenza mmoja na wategemezi wasiozidi wanne, ambao wanaweza kuwa watoto au wazazi. Mume na mke waliomo katika mifuko miwili tofauti hawana sababu ya kuwaandikisha watoto walewale kote kuwili na kuwaacha wazee nje. Wakubaliane: watoto waende upande huu, wazazi upande ule, kwa kadiri kanuni za kila mfuko zinavyoruhusu. Mwenye wake zaidi ya mmoja naye ahakikishe mapema nani anaingia katika kadi, kwani kuligundua hilo mlangoni mwa wodi ya wazazi ni aibu na ugomvi juu yake.

Kuhusu bima za kampuni, yapo masharti mawili yanayofichika katika herufi ndogo. La kwanza ni kipindi cha kusubiri: mpango unaweza kukataa gharama za uzazi kwa miezi kadhaa tangu kujiunga, hivyo bima inayonunuliwa mimba ikiwa imeshaingia huenda isilipe chochote. La pili ni ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya kujiunga. Mwenye kisukari asiutaje ugonjwa wake katika fomu, anaipa kampuni sababu ya kukataa madai yake yote. Autaje, kisha aulize utalipiwa kwa kiasi gani. Mgonjwa wa figo aangalie zaidi idadi kuliko fedha, kwa kuwa kusafisha figo hufanywa aghlabu mara 3 kwa wiki, sawa na mara 156 kwa mwaka, na mpango wenye idadi ndogo ya safari utamuacha njiani.

Kampuni yoyote ya bima, Unguja, Pemba na Bara, hapana budi iwe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuiona, na wakala asiyetaka kuionyesha aachwe. Malipo yafanywe kwa stakabadhi yenye jina la kampuni na si la wakala.

Mtumishi anayetaka kuwaandikisha wategemezi wake au kubadilisha taarifa zao aanzie kwa ofisa utumishi wa baraza lake. Achukue kitambulisho chake, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ahakikishe kuwa majina yameandikwa kwa namna moja katika hati zote, kwani Khadija wa cheti na Hadija wa fomu huhesabiwa kuwa watu wawili. Mtoto mchanga aandikishwe mara tu cheti chake kinapopatikana.