Kukodi yoti Karibi kwa mara ya kwanza: kazi iko kwenye kufunga

Visiwa vya Virgin vya Uingereza havimdai mgeni leseni ya unahodha. Anayetaka kukodi yoti ya matanga kisiwani Tortola na kuiendesha mwenyewe hujaza wasifu wa ubaharia: vyombo alivyowahi kuendesha, urefu wake, bahari alizopita, na kama alikuwa nahodha au baharia tu. Kampuni ikiridhika na dhamana ikilipwa, anakabidhiwa chombo chenye vyumba vya kulala, jiko na dingi, ile mashua ndogo ya mpira inayovutwa nyuma.

Uhuru huo una sababu. Mlango wa bahari wa Sir Francis Drake umekingwa na visiwa pande zote, mawimbi makubwa ya Atlantiki hayaingii kwa urahisi, na upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima. Kisiwa cha kufuata huonekana kwa macho. Kutoka Road Town, mji mkuu, hadi ghuba ya The Bight kwenye Norman Island ni mwendo wa saa moja na kitu, hivyo kupotea ni vigumu. Kinachompima nahodha mpya ni pale safari inapokoma, anapotakiwa kukifunga chombo mahali ambapo kitalala salama hadi asubuhi.

Ndiyo maana ratiba nzuri hupangwa kuanzia mwisho wa siku. Maboya ya kufungia huwahiwa, na katika ghuba zinazopendwa, kama Manchioneel Bay ya Cooper Island, yanaweza kuwa yamejaa kabla ya alasiri. Anayefika saa sita mchana huchagua. Anayefika saa kumi na moja jioni huanza kuhangaika huku jua likizama, na mikataba mingi ya kukodi hukataza kusafiri usiku. Kwenye The Baths, pwani ya miamba mikubwa ya granaiti huko Virgin Gorda, maboya ya hifadhi huruhusu dakika 90 tu, hivyo watu hukimbilia huko asubuhi mapema. Safari ya kuelekea Virgin Gorda ni ya kubisha upepo. Heri ifanywe siku za mwanzo, wakati mabaharia bado wana nguvu, kisha warudi na upepo wa nyuma kuelekea kisiwa cha Jost Van Dyke.

Msimu nao una masharti yake. Desemba hadi Aprili upepo ni mzuri na bei ziko juu. Kwa kawaida kasi ni maili 15 hadi 20 za baharini kwa saa, lakini kati ya Krismasi na Januari hupanda mpaka 25 na zaidi. Mgeni apunguze tanga kabla hajatoka bandarini, kwa kuwa kuliongeza baadaye ni rahisi kuliko kulikunja katikati ya mawimbi. Msimu wa vimbunga huanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na bei hushuka. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma, cha daraja la 5, kilirundika yoti moja juu ya nyingine hata mle zilimofichwa. Mwisho wa msimu nao si wa kupuuzwa: meli ya barua ya RMS Rhone ilizamishwa na kimbunga karibu na Salt Island tarehe 29 Oktoba 1867. Anayekodi miezi hiyo asome kwanza masharti ya kurudishiwa fedha.

Boya hukaribiwa chombo kikitazama upepo, kwa mwendo wa kunyemelea. Mtu mmoja hukaa omoni na upondo wenye ndoano, akimwonyesha nahodha kwa mkono boya liliko, kwa sababu likikaribia omo nahodha halioni tena na kelele za injini humeza maneno. Kitanzi cha boya kikishanaswa, kamba ya yoti hupitishwa ndani yake na kurudishwa palepale ilipotoka. Katamarani hutumia kamba mbili, moja kila upande, kila moja ikirudi kwake. Ikitoka kulia ikafungwa kushoto, itasuguana na kitanzi usiku kucha na huenda ikakatika. Likikosewa, boya liachwe, chombo kizunguke upya. Anayeng'ang'ania upondo huishia majini. Na kamba ya dingi ifupishwe kabla ya injini kurudi nyuma, la sivyo itazongwa na pangaboi.

Pasipo na boya, nanga huangushwa kwenye mchanga, kamwe si juu ya matumbawe. Hesabu ya kawaida ni mnyororo mara tano ya jumla ya kina na urefu wa omo juu ya maji. Kina kikiwa mita 4 na omo mita 1.5, hutolewa mita 27.5 hivi. Kisha injini hurudishwa nyuma taratibu, na mtu huvaa miwani ya kuzamia akaitazame nanga kama imezama mchangani. Kipima kina kiulizwe mapema kinasoma mita au futi, na kama kinapimia usawa wa maji au chini ya mkuku.

Msomaji aliyezoea Mombasa au Unguja atakuta mambo mawili tofauti. Kwanza, wakati wa kuingia bandarini boya jekundu huachwa kulia. Kwetu huachwa kushoto. Pili, bamvua la Unguja hufikia mita 4, ilhali Karibi maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita. Aliyekwama mwambani asitarajie maji kujaa yamnyanyue.

Mwamba huepukwa kwa macho. Buluu iliyoiva ni kina, kijani cheupe ni mchanga wa karibu, kahawia ni matumbawe. Rangi hizo husomeka jua likiwa juu au mgongoni, si usoni. Kipimo kikali ni Anegada, kisiwa cha matumbawe ambacho kilele chake hakizidi mita 9, hivyo hakionekani mpaka mtu amekikaribia. Horseshoe Reef inayokizunguka imezamisha mamia ya meli, na baadhi ya kampuni huwakataza wageni kwenda huko bila nahodha wao.

Saint John iko jirani kabisa na Tortola, lakini ni ardhi ya Marekani. Kukatiza kwenda huko ni kuvuka mpaka, na Mtanzania au Mkenya huhitaji viza ya Marekani.

Mwenye shaka anaweza kukodi nahodha wa siku mbili za mwanzo. Nahodha huyo hulipwa kwa siku, hulishwa na kupewa mahali pa kulala. Faida yake ni kubwa zaidi akiombwa asiguse kamba: asimame nyuma ya usukani wakati mgeni mwenyewe anafunga maboya mawili matatu katika ghuba yenye nafasi.