Sindano Inayowasubiri Majike

Mbwa wa Kilwa, mkoani Lindi, utamkuta zaidi shambani. Waislamu wengi wa pwani ya Lindi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo ndani ya ua hana nafasi. Lakini mwenye muhogo wake, anayekesha na nguruwe pori usiku na kushinda na ngedere mchana, anamhitaji mbwa. Mnyama huyo hulala chini ya dungu, hana kamba, na jike akishika mimba huzaa baada ya siku kama 63. Watoto wake wanaokosa wa kuwachukua huzurura, au huuawa.

Kumhasi mbwa kwa kisu si kazi ndogo. Anatakiwa daktari wa mifugo, dawa ya usingizi, vifaa safi, kisha mtu wa kukitazama kidonda kwa siku kadhaa. Kwa vijiji vilivyotawanyika kama vya Kilwa, hapo ndipo mipango inapokwama.

Kemia imejaribu kupunguza mzigo huo. Zinki glukoneti hudungwa ndani ya kila korodani. Huua seli zinazotengeneza mbegu, na mirija hugeuka kovu. Marekani iliiidhinisha mwaka 2003 kwa jina la Neutersol, kwa madume wa miezi 3 hadi 10. Katika kisiwa cha Isabela, Galápagos, madume 103 walichomwa dawa hiyo. Wanne walipata vidonda vya kuoza. Ndiyo maana mkono wa mchomaji unapaswa kuwa umefunzwa: dawa ikivuja nje ya korodani, nyama huungua. Zaidi ya hayo, testosteroni hupungua tu, haiishi. Dume hazalishi tena, lakini anaweza bado kufuata majike na kupigana.

Kalsiamu kloraidi, chumvi ya bei ndogo iliyojaribiwa India na Italia, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Deslorelini ni tofauti: kipandikizi chini ya ngozi huichosha tezi iliyo chini ya ubongo kwa ishara zisizokoma, hadi korodani zinapumzika kwa miezi 6 au 12. Athari yake ikiisha, uzazi hurudi, na mbwa wa shamba hapelekwi kliniki kila mwaka.

Ubaya ni kwamba dawa hizi zote zimelenga hasa madume. Dume mmoja hupanda majike wengi. Ukiwahasi tisa kati ya kumi, huyo wa kumi anaweza kutosha kijiji kizima, na idadi ya watoto isishuke sana. Mlango wa kuufunga ni jike. Mwaka 2008 nchini Marekani ilitangazwa Tuzo ya Michelson, dola milioni 25, kwa atakayeleta dawa ya dozi moja ya kuwafunga kizazi mbwa na paka, madume na majike. Njia moja inayofuatiliwa ni chanjo ya GonaCon, inayoufundisha mwili kuishambulia homoni inayoamsha uzazi. Majaribio yameonyesha kuwa ikitolewa pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, haiharibu kinga ya kichaa.

Habari hiyo inanigusa kwa sababu ya yaliyofanyika hapa. Kuanzia 2010, Shirika la Afya Duniani na serikali, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, waliendesha kampeni za kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa Tanzania, Lindi ikiwemo. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Kuua mbwa hakuleti hilo, na kuhasi peke yake pia hakuleti. Kwa hiyo sitaki kuona fedha za chanjo zikihamishiwa kwenye kuhasi.

Ninachotaka ni sindano ya pili siku ileile ya chanjo. Ni siku ambayo watoto huwaleta mbwa kituoni kwa kamba za katani au vitenge vilivyochakaa, na kwa mbwa wengi wa mashambani ni siku pekee mtaalamu anapowagusa. Jike achomwe ya kichaa, achomwe na ya kizazi, na jioni arudi chini ya dungu lake.